Flashi Nyumbani kwa Bibi

Sura ya mama yangu siikumbuki. Naukumbuka mkono wake ukinipa kiazi cha moto, nakikumbuka kisigino chake kilichopasuka nilipokuwa nikimfuata kwenye njia ya mtoni, lakini nikipandisha macho kuitafuta sura nakuta hakuna kitu. Alifariki nikiwa na miaka minne au mitano, na siku hizo huko kwetu Mhezi, juu milimani, mtu wa kawaida hakupigwa picha. Aliyepigwa picha alikuwa mchungaji, au chifu, au mtu aliyekamatwa.

Nililelewa na bibi, mama yake mama. Kila aliyewajua wote wawili alisema neno lile lile, kwamba mama alikuwa bibi mtupu: paji lile lile, meno yale yale yenye mwanya, hata namna ya kucheka, mdomo ukipinda upande wa kushoto kwanza kisha wa kulia ndiyo unafuata. Jirani mmoja aliniambia, "Ukitaka kumwona mama yako, mtazame bibi yako umpunguzie miaka." Nilimtazama kweli. Nilikuwa nikikaa upande wa pili wa mafiga, yeye akipukuchua mahindi, mimi nikimpunguzia miaka. Kwa hiyo ninaposema nilitaka picha ya bibi, nataka ieleweke kwamba nilikuwa nikitafuta watu wawili kwa mkupuo mmoja.

Wakati huo Mwingereza alikuwa bado anatutawala, ingawa watu walikwisha kuanza kusema kwa sauti kwamba hatakaa sana. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimeajiriwa Same mjini, kwenye studio ya picha iliyokuwa si mbali na stesheni. Tajiri wangu alikuwa Mhindi mwenye miwani mizito na maneno machache. Miaka miwili ya kwanza hakuniruhusu kugusa kamera. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kubeba maji na kusafisha filamu katika chumba cha giza cha nyuma, ambako joto la Same lilikusanyika kana kwamba halina pengine pa kwenda. Nililalamika sana, maana hasira zangu zilikuwa karibu, lakini nilijifunza. Nilipoanza kushika kamera, picha zangu hazikuwa na makosa mengi.

Kisha ikaja flashi ndogo. Kabla ya hapo studio ilikuwa na flashi moja kubwa, yenye sahani kama ya kulia wali na betri ya kuning'iniza begani, na ukiibeba nusu siku shingo inakaa upande. Hii mpya iliingia kwenye mfuko wa shati. Uzito wake haukuzidi yai la bata. Ulikuwa unaipachika juu ya kamera, unavuta vibati vyake vinafunguka kama upepeo, unatia globu, basi. Globu zenyewe zilikuwa ndogo kama njugu, ndani mna nyuzi nyembamba mfano wa nywele za hindi bichi. Globu moja, mwanga mmoja. Ikishawaka kioo chake kinavimba na kugeuka cheupe, unaitoa kwa kitambaa isikuunguze vidole, unaitupa.

Niliipenda flashi ile kupita kiasi. Watu wenye kamera za kuazima walipiga wanavyobahatisha, wakapata nyuso zilizounguzwa na mwanga au vivuli vya watu wasiojulikana. Mimi nilikuwa na hesabu kichwani: namba ya globu unaigawanya kwa futi zilizo kati yako na mtu, jibu ndilo tundu la lenzi. Nilipima kwa hatua. Nilipiga darasa zima siku ya mvua, madirisha yamefungwa, na kila mtoto akajiona. Nilipiga harusi kanisani ambamo hata bibi arusi hakumwona vizuri anayemwoa. Nikaanza kuvimba kichwa. Mtu akiniambia, "Humu ndani ni giza," nilicheka na kumjibu kwamba giza ni la watu wengine.

Ndipo dereva wa lori aliyekuwa akishusha maharage kutoka milimani akanipa salamu za mama mdogo. Mama mdogo ni mdogo wake mama, ndiye aliyekuwa akikaa na bibi. Salamu zilikuwa fupi: bibi hatoki tena kitandani, na macho yake yamekwisha kufunikwa na ukungu, karibu haoni.

Nilimwendea tajiri, nikamweleza. Nilimweleza na habari ya mama, jambo ambalo sikuwa nimelisema kwa mtu yeyote mjini. Alisikiliza, akaenda kabatini, akarudi na kamera, flashi na globu tano. "Piga zote," alisema. "Usimpigie mtu mwingine."

Lori lilinifikisha mwisho wa barabara, nikapanda kwa miguu. Ilikuwa majira ya ukungu na manyunyu, migomba ikidondosha maji mchana kutwa. Nilifika saa saba hivi. Nyumba ya bibi ilikuwa ya udongo na nyasi, chumba kimoja tu, dirisha lake moja dogo limezibwa kwa gunia kuzuia baridi. Katikati kulikuwa na mafiga, juu yake dari ya miti iliyopangwa mahindi ya mbegu. Kitanda kilikuwa kando ya moto.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani huyo anasalimia kwa sauti ya mume wangu?"

"Ndiye mimi mke wangu."

"Mume gani, anakwenda mjini mwaka mzima anarudi mikono mitupu."

"Nimeleta sukari."

"Basi karibu. Sukari inaweza kukaa hapa, wewe utakaa mlangoni."

Hivyo ndivyo tulivyozungumza, kwa Chasu, lugha ya kwetu, na huo utani ulikuwa kati yetu tangu nilipokuwa sijui maana yake. Alikuwa amekonda mno. Lakini alipocheka, mdomo ulipinda kushoto kwanza. Nilishukuru Mungu kwamba sijachelewa.

Nilimwomba mama mdogo tumtoe nje kidogo, tumkalishe kwenye kiti, mwanga uwe mwingi. Pamoja na kiburi changu cha flashi, nilijua mwanga wa Mungu ni bora. Mama mdogo alinivuta pembeni. "Mwanangu, umesahau? Mzee akishalala hivi habebwi kupita mlango ule. Akibebwa, anapelekwa kuzikwa. Ataelewaje?" Nikakubali. Nikasema si kitu, ndiyo maana nimekuja na flashi.

Nilihesabu hatua kutoka kitandani. Nilitazama tundu la lenzi mara mbili. Nilimwambia bibi kutakuwa na mwanga mkali, asiogope. Nikafyatua.

Bibi alipepesa macho. Halafu akasema, "Nimeona."

"Umeona nini?"

"Hiyo. Nimeiona. Nyeupe." Akaanza kucheka, na kucheka kule kukamletea kikohozi, na alipomaliza kukohoa akaendelea kucheka. Miezi mingi alikuwa hajaona kitu chochote ila tofauti ya moto na giza, na sasa mjukuu wake amemletea radi ndani ya nyumba. "Piga tena," alisema. Nikatia globu ya pili. "Ee. Tena." Alikuwa akiinua kidevu kuingojea, kama mtoto anayengojea kumwagiwa maji. Mama mdogo naye alicheka mpaka akashika tumbo. Nilipiga zote tano, na katika zote alikuwa anacheka au ndio kwanza anamaliza kucheka. Sidhani kama nimewahi kuwa na saa njema kuliko ile, kabla yake wala baada yake.

Nilirudi Same nikiimba. Siku ya pili nikaingia chumba cha giza, nikaisafisha filamu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa dawa mpya, nikihesabu dakika. Nikaitoa, nikaiinua kwenye taa.

Asiyejua kazi hii ni lazima nimweleze kwamba kwenye filamu mambo yamegeuka: cheupe kinakuwa cheusi na cheusi kinakuwa cheupe. Nilichokiona kilikuwa weusi. Vipande vyote vitano vilikuwa na wingu jeusi kutoka ukingo hadi ukingo. Kwenye kimoja niliona mguu wa kitanda. Kwenye kingine kulikuwa na kitu kama ukingo wa shuka, na juu ya shuka palipotakiwa kuwa na sura, wingu. Nikachapa zote hata hivyo, kwenye kila aina ya karatasi tuliyokuwa nayo. Nilipata picha tano za weupe. Ukijua kuna mtu unaweza kusema unamwona.

Nilimpelekea tajiri. Nilitaka aseme filamu ilikuwa mbovu, au globu, au kamera, chochote kisicho mimi. Aliitazama filamu kwa muda mrefu kupitia miwani yake.

"Kulikuwa na moshi?" aliuliza.

"Hapana," nikamjibu.

Nilimjibu bila kusita, na sikuwa nasema uongo. Ungeniapisha kanisani ningeapa kwamba hakukuwa na moshi. Tajiri akanitazama. Akaniambia nikalete lile shati nililokwenda nalo. Lilikuwa bado limeviringishwa kwenye kikapu changu. Akalichukua, akalinusa, akanirudishia.

Nililinusa. Ilikuwa harufu ya nyumbani. Maisha yangu yote niliiita harufu ya nyumbani, sikuwahi kuiita moshi. Nyumba ile ilikuwa na moto usiku na mchana tangu kabla sijazaliwa, mahindi ya darini yalikuwa meusi kwa masizi, tulikuwa tukiinama kupita chini yake, macho yakitutoka machozi tunapuuza, na mimi mtaalamu wa hatua na tundu la lenzi nilisimama katikati ya moshi huo nikakaza macho kuupita kumtafuta bibi. Tajiri akanieleza taratibu kwamba flashi ndogo kama hii, kwa kuwa inakaa juu kabisa ya lenzi, inaupiga kwanza moshi ulio mbele yako, nao unakurudishia mwanga wote usoni. Mgeni aliyetoka Tanga angeuona moshi ule mlangoni, akakohoa, akageuka. Mimi nyani sikuliona kundu langu. Nilikaa kwenye hatua za nyuma za studio nikalia, mtu mzima, na mke wa tajiri akapita na ndoo yake akajifanya hajaniona.

Globu iliyobaki studioni ilikuwa moja. Nyingine zilikuwa zinangojewa kutoka Mombasa, na mambo ya kutoka Mombasa yalikuja yalipotaka. Nikaichukua hiyo moja. Sikumwomba tajiri, nilimwambia. Akanipa kamera.

Safari hii njia nzima nilikuwa na jambo moja kichwani, moto. Hapa ndipo ninapotaka nihukumiwe sawasawa, kwa sababu wapo watu waliojaribu kunitetea wakisema mji ulikuwa umenisahaulisha mila. Si kweli. Nilijua. Moto wa mafiga ya bibi uliwashwa siku alipoingia nyumba ile kama bibi arusi, na tangu hapo haukuwahi kuzimwa. Usiku ulifunikwa majivu, asubuhi ukachokorwa. Mvua ilipovuja, uliwekewa chungu juu. Kwetu moto wa mama mwenye nyumba huzimwa kwa maji siku moja tu, siku anapotolewa nje kuzikwa, na ndipo mafiga hupoa na waliobaki huenda kuomba kaa la moto kwa jirani. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Niliona mwenyewe, nikiwa mdogo, moto wa mama ukizimwa.

Nilifika asubuhi. Bibi alikuwa amezidi kudhoofika, lakini aliposikia sauti yangu aliuliza, "Umeniletea ile nyeupe?" Nikamwambia ndiyo. Nikaufungua mlango wazi, nikalitoa gunia dirishani. Ukungu wa nje ukaingia ndani na moshi haukutoka. Nikamwambia mama mdogo kwamba moto huu itabidi uzimwe kwa saa moja.

Alidhani natania. "Moto gani?"

"Huu. Saa moja tu mama, kisha tutauwasha."

"Tutauwasha," alirudia. "Unawashwaje ule ule ukishazimwa?"

Nikamweleza. Nilieleza habari ya moshi na lenzi, nikaeleza vizuri tu kama alivyonieleza tajiri, na yeye alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema ningoje. Kuni mbichi zingeisha, wangetia kavu, mchana moto ungekuwa makaa matupu na moshi ungepungua. Au nirudi wakati wa kiangazi. Nikamwuliza kama anadhani bibi atafika kiangazi. Akageuka kumfunika bibi shuka. Nikapandisha sauti, nikasema mambo ya ovyo, kwamba ndiyo maana watu wa milimani hatuendelei, tunalinda kuni kuliko watu. Mama mdogo alinitazama kwa huruma, akachukua jembe lake na kikapu, akasema anakwenda kuchimba magimbi ya mchana, na nikitulia tutaongea.

Nilikaa kama nusu saa. Makaa hayakuwa makaa. Gogo moja lilikuwa linatoa moshi kama tanuru la chokaa, na sasa kwa kuwa nilijua, niliuona. Nilikuwa nikiuona moshi peke yake, nyumba nzima ilikuwa moshi. Nilimwona bibi kitandani amelala kwa upande, anapumua kwa shida, na nikaogopa kwamba atakata roho hapo hapo mbele yangu na mimi nina globu mfukoni. Nikainuka. Nikachota maji kwenye mtungi kwa kata, nikamwaga. Nikachota tena.

Moto ulilia kwa sauti kubwa kuliko nilivyotazamia. Mvuke na majivu vikapanda mpaka darini. Nikachukua ungo nikavipepea vitoke mlangoni, nikipepea kama mwendawazimu, na kidogo kidogo hewa ikawa safi. Kwa mara ya kwanza maishani niliiona nyumba ile ilivyo: nyufa za ukuta, kamba za kitanda, sura ya bibi.

Alikuwa amegeuka. Alikuwa ameinuka kwa kiwiko, jambo ambalo hakuliweza tangu majuma kadhaa, na uso wake ulielekea mafiga, kulikokuwa kumenyamaza.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Nilikuwa natia globu. Niliitia, nikavuta vibati.

"Nani amekufa humu ndani?"

"Tulia bibi, nitazame huku," nilimwambia. Nilikuwa nahesabu hatua. Moja, mbili, tatu. Nilitazama tundu la lenzi. Ilikuwa ni neno moja tu la kumjibu, hakuna, na ningeweza kulisema huku nikihesabu, watu husema na kuhesabu. Sikulisema. Nilikuwa naogopa moshi utarudi.

Aligeuza uso kuifuata sauti yangu. Akasema polepole, "Ni mimi?"

Hapo ndipo nilipofyatua.

Nilipomkimbilia nikamshika mkono, nikamwambia hakuna aliyekufa mke wangu, ni mimi mpumbavu nimezima moto ili nikupige picha, alinisikia. Najua alinisikia kwa sababu alinipapasa uso. Lakini hakucheka, wala hakuniita mume. Mama mdogo alirudi, akasimama mlangoni na kikapu cha magimbi, akayaona mafiga yaliyolowa. Hakunigombeza. Aliweka kikapu chini, akachukua kigae, akaenda kwa jirani kuomba kaa la moto. Jirani, nilikuja kuambiwa, alimpa kaa huku akimpa pole ya msiba. Moto ulipowaka tena bibi aliuelekezea kiganja, akakirudisha ndani ya shuka. "Huo si wangu," alisema. Basi. Toka hapo alilala akielekea ukutani, na alichopewa kula alikikataa kwa upole, kama mgeni aliyekwisha kushiba.

Alifariki kabla juma halijaisha. Mama mdogo alisema alikuwa mgonjwa, kwamba siku zake zilikuwa zimefika, na waganga wa hospitali ya misheni bila shaka wangesema hivyo hivyo. Huenda ni kweli. Majuto ni mjukuu, wanasema, na sijui kama aliyelitunga neno hilo alikuwa mjukuu wa mtu.

Filamu niliisafisha siku nilipotoka huko, bibi akiwa bado hai. Picha ilitoka. Nasema ilitoka vizuri kuliko picha yoyote niliyopata kupiga kwa flashi ile ndogo. Ungeweza kuhesabu kope. Tajiri aliiweka mezani akavua miwani, akaniambia, "Sasa umekuwa mpiga picha." Alitaka kuitundika dirishani, wateja waone. Nikaipokonya mkononi mwake. Sikupata kumvunjia heshima kabla ya siku hiyo, na naye hakunikemea.

Maana picha ile ni ya mtu anayeambiwa kwamba amekufa. Mdomo umefunguka kidogo na haukupinda upande wowote. Yale macho yasiyoona yamenielekea mimi moja kwa moja, yananiuliza, na mimi niko nyuma ya kamera nimenyamaza. Hiyo ndiyo sura niliyoihifadhi. Zile tano za kucheka zimebaki weupe.

Nilidhani ubaya wake ungeishia hapo, kwamba nina picha nisiyotaka kuitazama. Nikaifunga kwenye karatasi, nikaiweka chini ya sanduku. Lakini miezi ilivyopita nikagundua jambo jingine. Nikifumba macho nimtafute bibi ng'ambo ya mafiga anapukuchua mahindi, mikono naiona, mahindi nayasikia yakidondoka kwenye ungo, na nikipandisha macho nakutana na ile ya globu. Nikimpunguzia miaka ili nimpate mama, napata ile ile, changa zaidi, inaniuliza nani amekufa. Nilijaribu kwa nguvu kuukumbuka mdomo unavyopinda. Najua kwa maneno kwamba ulianza kushoto, nimeandika hapa kwamba ulianza kushoto, lakini siuoni. Picha moja iliyotoka vizuri iliwafuta wote wawili.

Mwaka uliofuata, tulipokusanyika kumkumbuka, mama mdogo aliniuliza kama ile picha ya mwisho ilitoka. Tulikuwa tumekaa nje, yeye anamenya ndizi. Nikamwambia haikutoka.

"Afadhali," alisema. "Siku ile hakuwa yeye. Mimi picha sihitaji, nikitaka kumwona namwona."

Nilikaa nikitazama kisu chake kinavyokwenda. Kisha nikamwuliza, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, kama anaweza kunieleza sura ya bibi ilikuwaje alipokuwa akicheka. Mama mdogo aliacha kumenya. Alidhani nimeanza utani wa zamani, akatabasamu, halafu akaniona usoni na tabasamu likaondoka.

"Unaniuliza mimi?" alisema. "Si wewe ndiye uliyelelewa naye?"